Kutoka Pemba hadi Maulidi ya Lamu: namna ya kwenda, na namna ya kuwa mgeni wa watu

Mfungo Tano (Safar) ukiingia tu, walimu wa madrasa huanza kuulizwa: safari ya Lamu mwaka huu ipo? Ipo, na si ngumu. Kinachoiharibu mara nyingi si umbali wala nauli. Ni watu kuondoka kama wanakwenda harusini Konde, hapa hapa Pemba: kanzu mbili, simu, na "tutajua huko huko". Lamu ni Kenya. Kuna mpaka, kuna pesa nyingine, kuna vizuizi vya askari, na mwisho wa njia kuna nyumba ya mtu aliyeambiwa mnakuja sita, sasa mko kumi na mmoja.

Nimeandika haya kwa anayetokea Pemba, awe peke yake au na msafara. Wa Unguja yatamfaa pia, isipokuwa njia ya bahari, maana yeye huvukia Dar es Salaam.

Hatua ya 1: Ijue tarehe, na uijue bahari

Kilele cha Maulidi ya Lamu si tarehe 12 ya Mfungo Sita (Rabiul Awwal). Usiku wa kuamkia tarehe hiyo sisi tunasoma huku kwetu, na Unguja watu wanajaa viwanja vya Maisara kwenye maulidi ya kitaifa. Lamu wao hufunga mwezi: siku kubwa ni Alhamisi ya mwisho ya Mfungo Sita na Ijumaa yake, na shamrashamra huanza siku kadhaa nyuma. Kwa msafiri hili ni jambo zuri. Unawahi kusoma ya kijijini kwako bila ya kunung'unikiwa na wazee, kisha unafunga mzigo.

Mwezi lakini ni wa kuandama, na wao na sisi tunaweza kupishana siku moja. Kabla hujakata tiketi ya kurudi, muulize mwenyeji wako wa Lamu wao waliuona lini. Kalenda ya ukutani haisaidii kitu hapa.

Miaka hii Mfungo Sita unaangukia Agosti na Septemba, na kila mwaka unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Huo ni msimu wa kusi. Wazee waliokuwa wakienda Lamu kwa jahazi, upepo huo wa kusi ndio uliowapeleka, wakasubiri kaskazi iwarejeshe. Wewe utakutana nao kwenye mkondo wa Pemba ukiwa umeinamia mfuko. Vidonge vya kichefuchefu vinamezwa kabla chombo hakijaondoka. Ukishaanza kutapika havina kazi.

Hatua ya 2: Hati

Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi hakikuvushi Horohoro, mpakani mwa Tanzania na Kenya, wala kile cha taifa cha NIDA. Utasikia watu wakisema Afrika Mashariki ni moja na kitambulisho kinatosha. Wanaovuka kwa vitambulisho ni raia wa Kenya, Uganda na Rwanda, waliokubaliana wao kwa wao. Tanzania haimo. Unahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari kama pasipoti huna na muda umekubana. Vyote viwili vinatolewa na Uhamiaji, na karatasi za kupeleka ni zile zile tunazozijua: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, picha, na barua ya sheha wako. Anza miezi miwili kabla. Jina lililoandikwa Salim kwenye cheti na Salum kwenye kitambulisho linaweza kukuweka wiki tatu, na sheha naye ana safari zake.

Viza Mtanzania hatakiwi kuwa nayo kwenda Kenya. Kile kibali cha mtandaoni ambacho Kenya ilikianzisha Januari 2024 kwa wageni hakituhusu sisi Watanzania. Kijana wa mkahawa wa mtandao akikuambia lazima ulipie, chukua pasipoti yako uondoke.

Kadi ya njano nayo usiidharau. Chanjo ya homa ya manjano unachomwa mara moja na kadi yake ni ya maisha, ila lazima zipite siku 10 kabla ya safari ndipo ihesabike. Wengi huiona ni ya kwendea. Mimi naona faida yake kubwa ni ya kurudia: Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano, na anayerudi visiwani akitokea huko anaweza kudaiwa kadi bandarini au uwanja wa ndege. Usikubali kuandikiwa kadi bila ya kuchomwa sindano, hata kama ni rahisi na ni haraka. Mbu hasomi kadi.

Watoto wa madrasa wanaosafiri bila wazee wao wawe na barua ya ridhaa ya wazazi, cheti cha kuzaliwa, na nambari ya simu ya mzazi inayopatikana. Kiongozi wa msafara azishike zote katika faili moja. Hili wanauliza kweli, na wana haki ya kuuliza.

Halafu kuna lile ambalo Pemba tunalijua na hatulisemi: bandari bubu. Mashua inaondoka usiku, asubuhi iko Shimoni au Vanga, nauli nafuu, hakuna dirisha wala muhuri. Usipite. Ukifika huko bila muhuri, kizuizi cha kwanza cha polisi njia ya Lamu kitamaliza maulidi yako, na aliyekukaribisha ndiye atakayehangaika kukutoa kituoni.

Hatua ya 3: Mwenyeji kabla ya nauli

Hapa ndipo safari inapokaa au inapopinduka. Wiki ya Maulidi mji wa Lamu unafurika. Watu wanatoka Mombasa, Malindi, Kiunga, Tanga, Unguja, Ngazidja, hata Arabuni. Nyumba za wageni zinajaa na bei inapanda. Wenye mji wanafungua nyumba zao, na walio chini ya Msikiti wa Riyadha wanapokea misafara ya madrasa, wanailaza na kuilisha. Ukarimu huo una miaka mingi. Msikiti wenyewe uko Langoni, upande wa kusini wa mji, na ulijengwa karibu na mwaka 1900 na Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazidja, huko Komoro, akaja kusoma Lamu, akabaki. Pale walisomeshwa watu ambao wenye vyeo wa zama zile hawakuona haja ya kuwasomesha, na maulidi yakawa mlango wa kila mtu. Kwa hiyo mgeni pale hapokewi kwa bahati. Mji umezoea kazi hiyo.

Lakini unapokewa ukijulikana. Anayekwenda na msafara, mwalimu wake aandike au apige simu mapema kwa watu wa Riyadha au kwa madrasa wanayojuana nayo, ataje idadi ya wanaume, ya wanawake na ya watoto, na siku ya kuingia. Idadi ikibadilika apige tena. Kuongeza watu wawili baada ya kutoa hesabu inavumilika, lakini kuongeza watano ni kumdhalilisha mwenyeji mbele ya majirani, maana ataazima magodoro usiku nawe unaona.

Asiye na msafara apitie kwa mtu. Pemba kila ukoo una mtu wake pwani ya Kenya. Wapemba wamekaa Kwale na Kilifi vizazi na vizazi kwa uvuvi, na mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua kuwa raia. Shangazi yako wa Shimoni huenda hajawahi kufika Lamu, lakini mume wake anavua na mtu wa Lamu. Uzi huo ukiufuata unafika. Na uhusiano wa elimu ni mkubwa zaidi: Sheikh Abdallah Bakathir, aliyesomesha Ukutani mjini Unguja mpaka alipofariki 1925, alizaliwa Lamu. Ukienda pale husemi "mimi mgeni". Unasema wewe ni mwanafunzi wa nani, aliyesoma kwa nani, na mara nyingi kabla hujafika wa tatu mzee ameshakwambia ukae.

Mambo matatu myaseme kwenye simu, msione haya. Mtalala nyumba moja au mtagawanywa? Wanawake watafikia kwa nani? Na kuna mgonjwa wa sukari au wa presha katika msafara? La mwisho watu hulificha, halafu mtu anawekewa sinia la biriani na halua usiku tatu mfululizo akaanguka.

Hatua ya 4: Njia na pesa

Kutoka Pemba njia fupi ni Tanga. Kuna meli na kuna ndege ndogo. Meli haiendi kila siku na ratiba hubadilika, kwa hiyo umuulize wakala mwenyewe, usimuulize jirani aliyesafiri mwaka jana. Ikishindikana, shuka Unguja, vuka Dar es Salaam, upande basi la Mombasa linalopita Tanga. Chombo kikiwa kimejaa kupita kiasi, bakia. Sisi tulioizika Spice Islander ya Septemba 2011 hatuhitaji kufundishwa hilo, ila Maulidi huwafanya watu wawe na haraka.

Tanga hadi Horohoro ni mwendo wa saa moja na kitu. Hapo unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia. Hakikisha umegongewa yote miwili kabla basi halijaondoka, na soma tarehe walizokuandikia. Vijana wa kubadilisha pesa watakuzonga. Badilisha kidogo tu ya nauli na chai, nyingine ubadilishe Mombasa dukani. Shilingi ya Kenya ni nzito mara nyingi kuliko yetu, na hapo ndipo watu wanapochezewa kichwa: noti ya elfu moja ya Kenya inaonekana ndogo mkononi mwa Mtanzania, akaitoa kwa chupa mbili za maji. Hesabu mapema nyumbani, andika kwenye karatasi noti gani ni sawa na kiasi gani cha kwetu. Pesa za simu zetu zinaweza kutumwa kwenda M-Pesa ya Kenya, makato yake lakini yanauma. Ni ya dharura tu.

Kutoka Lungalunga, upande wa Kenya wa mpaka huo, unakwenda hadi Likoni, unavuka kwa kivuko (anayekwenda kwa miguu halipi), na uko Mombasa. Lala Mombasa. Najua watu wanaounganisha usiku huo huo ili waokoe pesa ya kitanda. Wanafika Lamu macho mekundu, wanalala siku nzima sebuleni kwa mtu, na mwenye nyumba anatembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mombasa hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 300. Panda basi la asubuhi. Baada ya Garsen, mkipita Witu, vizuizi vya askari ni vingi na mara nyingine mnashuka wote na kupanga foleni. Eneo hilo limepata mashambulizi katika miaka iliyopita na wao wanafanya kazi yao. Pasipoti iwe mfukoni, si ndani ya begi juu ya gari. Jibu ulichoulizwa. Ukiulizwa unakwenda wapi, sema Maulidi, kwa fulani, Langoni. Kabla ya kuondoka Mombasa, waulize watu wa basi na mwenyeji wako hali ya njia wiki hiyo. Wakisema subirini, subirini.

Mokowe unapanda boti, nusu saa hivi, unaiona Lamu inakuja: nyumba nyeupe mbele, minara, na mashua zimejipanga ukingoni. Vaa jaketi la kuokolea. Aliye na uwezo anaweza kuruka kwa ndege hadi Manda, ng'ambo tu ya maji, avuke kwa boti fupi zaidi.

Hatua ya 5: Mzigo na zawadi

Begi liwe la kubebeka begani. Mji mkongwe wa Lamu hauna njia za gari. Ni vichochoro, punda na mikokoteni. Ukisikia kwato nyuma yako jibanze ukutani, punda aliyebeba matofali hakwepi mtu.

Zawadi ni lazima, lakini si kubwa. Halua ya kwetu inapendwa, ingawa na wao wanayo. Udi, mkeka mzuri wa ukili, viungo. Kofia usipeleke: Lamu ni mafundi wa kofia, utampa mtu kitu ambacho dada yake anashona kizuri kuliko hicho.

Karafuu ndiyo yenye mtego. Mpemba akitoka anataka kutoa karafuu, na ni zawadi ya heshima kweli. Lakini kusafirisha karafuu nje ya utaratibu wa ZSTC, shirika la biashara la serikali, ni kosa Zanzibar, na bandarini hawaulizi kama ni za biashara au za maulidi. Nunua za pakiti dukani, chache, na risiti uitunze. Usifunge pishi mbili ndani ya mto wa kulalia.

Kanga, au leso kama wanavyoziita huko, ni zawadi ya mama mwenye nyumba, na kabla ya kununua soma jina lake. Mchague mwanamke wa msafara mwenye akili ya mambo haya akuchagulie. Rangi nzuri yenye maneno ya kumpiga jirani kijembe itakaa kabatini, na mama wa watu atajiuliza miezi umemlenga nini. Jina la dua au la shukrani halikosewi.

Usifunge kitu kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea. Kwetu imepigwa marufuku, na Kenya tangu Agosti 2017 faini yake ni ya mamilioni. Kikapu cha ukili kinatosha, na chenyewe ni zawadi.

Hatua ya 6: Ndani ya nyumba ya watu

Nyumba ya mawe ya Lamu unaingia kwa daka, kile kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe kushoto na kulia. Mgeni mwanaume huishia hapo mpaka aitwe, hata mlango ukiwa wazi. Piga hodi, toa salamu, geuza uso pembeni. Utakaribishwa sabule, chumba cha wageni, na hapo ndipo mwisho wako. Ndani zaidi ni kwa wenyewe. Ukihitaji maji, mtume mtoto.

Ukipelekwa kukoga utakuta birika la maji limejengwa pembeni, na ukiinama utaona visamaki vidogo vinazunguka chini. Viko pale kwa kazi: vinakula viluwiluwi vya mbu. Chota kwa kata, jimwagie pembeni. Usitie mkono wenye sabuni ndani ya birika, usiingize ndoo chafu, na kwa mola wako usikoge humo ndani. Maji matamu Lamu si ya kumwaga. Mji unategemea visima vya upande wa Shela, na wiki hiyo watu wameongezeka. Kata nne tano zinamtosha mtu mzima aliyelelewa kisiwani.

Chakula kitaletwa kwenye sinia, watu wanne watano. Kula upande wako. Nyama hukaa katikati, na mwenyeji ataisogeza mbele yako kwa vidole. Ipokee, kula kipande, kingine sogeza kwa mwenzako. Ukishiba usinyanyuke. Ukinyanyuka wewe mgeni, mwenyeji naye anaacha, na aliyekuwa bado na njaa anabaki anaangalia pilau. Baki na mkono kwenye sinia, dokoa mbegu ya wali, mpaka wengine wapunguze. Alfajiri utapewa chai ya maziwa na mahamri, au mkate wa mofa ukiwa na bahati, na utaambiwa "hukula" hata ukila sita. Hiyo ni salamu, si shutuma.

Misemo yetu inamtaka mgeni apewe jembe siku ya tatu. Lamu wiki ya Maulidi hakuna atakayekupa. Itabidi ulitafute mwenyewe. Nyuma ya msikiti na kwenye viwanja vya nyumba kubwa utakuta wanaume wamezunguka masufuria ya shughuli, na pembeni magunia ya vitunguu na viazi. Kaa, chukua kisu, menya. Usiulize "nisaidie nini", kwa sababu jibu litakuwa "wewe mgeni, pumzika". Saa moja ya kumenya vitunguu inakupa jamaa wengi kuliko siku mbili za kupeana mikono barazani. Wanawake wa msafara wanalijua hili tangu zamani. Wao wanaingia jikoni kabla hata ya kuvua mabuibui, na jioni wanajua habari za mji mzima.

Pesa ya mchango msimpe mwenye nyumba mbele za watu. Msafara ukusanye, kiongozi aipeleke Riyadha au kwa mwenyeji, kwenye bahasha, kwa maneno ya "sadaka ya maulidi". Atakataa mara moja au mbili. Akikataa kweli kweli, mwanamke wa msafara ampe mama mwenye nyumba mkononi wakati wa kuagana, "ya watoto".

Msemo wa mwisho katika hili ni kuhusu siku. Msikae zaidi ya mliyosema. Maulidi yakisha mwenyeji anataka kulala.

Hatua ya 7: Maulidi yenyewe

Kwetu wengi tumezoea Barzanji. Riyadha utasikia maulidi ya Habshi, yaliyotungwa Hadhramaut na ambayo Habib Swaleh ndiye aliyeyaeneza Lamu, yakisomwa kwa matari, na nai, aina ya filimbi, ikilia humo humo. Zamani lilikuwa jambo la mabishano makubwa hilo la matari msikitini. Aliyezoea Maulidi ya Homu ya Unguja hatashtuka kuona safu za vijana wamevaa kanzu nyeupe wakiyumba pamoja kulia na kushoto, ila ukubwa wake ni mwingine. Usiku wa Alhamisi fika baada ya Magharibi kama unataka kukaa ndani. Baada ya Isha utakaa barabarani, na barabarani nako kuna raha yake, marashi yanafika, na qasida zinasikika mpaka ufukweni. Ikifika mahali pa kusimama, wote husimama. Simu iingie mfukoni.

Ijumaa kuna ziara kwenye kaburi la Habib Swaleh na zefe, misafara inapita mjini na bendera na matari, kila madrasa na watu wake. Msafara wenu mjue mapema mtasimama nyuma ya nani. Vaeni sare kama mnayo. Watoto washikane mikono, na kila mmoja awe na karatasi mfukoni yenye jina la mwenyeji na mtaa, kwa sababu vichochoro vya Langoni kwa macho ya mgeni vyote ni kimoja.

Mchana kuna michezo: mashindano ya punda ufukweni, mashua, kuogelea, bao. Sisi tuna mchezo wetu wa ng'ombe, wao wana punda wao, na wapanda punda wa Lamu hawana masihara. Simama nyuma ya watu wazima wa mji, si mbele.

Wanawake wana pahala pao pa kukaa, na mama wenye nyumba ndio wanaowapeleka. Wafuate wao, saa zao, njia zao. Kupiga picha wanawake wa watu ni mwiko, hata kama ni umati na hata kama mtalii karibu yako anapiga.

Na lipo suala la wanaosema maulidi ni bidaa. Utawakuta ndani ya basi, utawakuta Mombasa, utawakuta hata Lamu. Kwetu wapo pia, tunasali nao. Hukusafiri baharini na barabarani kwenda kujadiliana na abiria wa kiti cha dirishani. Akianza, mpe korosho.

Hatua ya 8: Kurudi na hesabu

Ondokeni Jumamosi au Jumapili, tiketi za basi mzikate mkiwa bado njiani kwenda, kwani siku hizo mbili Mokowe inajaa. Aga nyumba kwa nyumba, si kwa ujumbe wa simu. Aliyewaparia samaki, aliyewaazima magodoro, kijana aliyekuwa akiwapeleka msikitini alfajiri na tochi, kila mmoja na mkono wake. Mkifika Mombasa pigeni simu Lamu kusema mmefika, na mkifika Pemba pigeni tena. Wao hawatalala vizuri mpaka wasikie.

Horohoro gongeni mihuri yote miwili kama mlivyokwenda. Kadi za njano mkononi kabla meli haijafunga gati. Zawadi za kurudi nazo (utarudi nazo, usidhani utarudi mikono mitupu) ziwe na risiti pale ambapo kuna duka.

Wiki hiyo hiyo kiongozi aite watu, asome hesabu ya msafara hadharani: kilichokusanywa, nauli, boti, sadaka, na kilichobaki. Kilichobaki, hata kiwe shilingi elfu nane, kiamuliwe pale pale kinarudi kwa watu au kinaingia mfuko wa mwakani. Orodha ya majina na nambari za wenyeji iandikwe kwenye daftari la madrasa, isibaki kwenye simu ya mtu mmoja.